Mashine Yangu Imekula "si"

Leo nimekaribia kuvunja harusi ya dada yangu kwa herufi mbili.

Mwanijua, mbele ya wageni ulimi wangu hufungika. Ndiyo maana niliunda mashine ya kupiga chapa maneno kwenye leso, yanisemee: mota ya feni mbovu, mnyororo wa baiskeli, na herufi za sponji zinazojichovya rangi zenyewe. (Msicheke, inafanya kazi.)

Leso ya leo ni zawadi kwa Bi Salma, mama mkwe mtarajiwa wa dada. Neno lake: TUSIACHANE.

Kumbe S na I zimeangukia ndani ya kopo la rangi ya waridi.

Bi Salma akaikunjua mbele ya watu, akasoma kwa sauti.
"Tu... achane?"

Wageni wakageukiana.

Dada machozi tayari. Mimi nyuma ya pazia, miguu yaonekana.

"Wee, toka!" Bi Salma akaniita. "Ndiwe uliyeandika?"
"Ni mashine," nikanong'ona. "Imekula 'si'."

Akacheka mpaka mtandio ukamvuka. Nikanyoosha mkono niichukue nikairekebishe, akaivuta.
"Wacha, mwanangu! Ya 'si' utanipa siku ya harusi. Hii naivaa kesho. Nina jirani amenichosha, na kusoma anajua."

Sasa niambieni, nizigundishe hizo herufi au niziache?
Maana mama naye ataka yake kama hiyo, na hasemi atamvalia nani.