Mama Koili na Volti Themanini na Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili nimetunza maabara ya vipimo katika kitivo cha uhandisi wa umeme. Asubuhi nagawa mita, jioni nazikusanya, na katikati nagombana na wanafunzi wanaounguza fyuzi kana kwamba kuna zawadi. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kubabaishwa na mwanafunzi. Mpaka alipokuja yeye.

Siku ya kwanza nilidhani ni mzazi aliyepotea njia. Mama wa miaka thelathini na tisa, mkoba begani, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Nikamwelekeza ofisi ya usajili. Akanishukuru, akanipita, akaketi meza ya mbele. Wenzake, wengi wao wa umri wa kumwita mama, walimpa jina kabla wiki ya pili haijaisha: Mama Koili.

Jina lilimkaa. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka mota, na macho yalipomgomea, binti akashika kazi. Miaka kumi na minane alifungua mota zilizoungua, akatoa waya mweusi, akahesabu mizunguko, akasuka koili mpya za waya, akapaka vanishi, akazirudisha kwa wenyewe zikizunguka. Kwa kunusa tu alijua mota iliyoungua kwa kuzidiwa kazi na ile iliyoingiwa na maji. Ila hakujua kwa nini harufu zao hazifanani, na kutojua huko kulimkera kuliko mvuke wa vanishi. Binti yake alipoanza sekondari, mama naye akatoa vyeti vyake sandukuni, akaomba chuo.

Wiki ya tatu alinijia akiwa amekumbatia transfoma ndogo.

"Fundi, hii inavuma."

"Zote zinavuma, mama."

"Najua zinavuma, nimezisikia nusu ya maisha yangu. Nauliza, kinachovuma ni nini? Waya umekazwa, chuma kimefungwa bolti, hakuna kinachozunguka humu."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Kwa kweli nilikasirika, na si kwa sababu ya swali. Ni kwamba jibu sikuwa nalo. Siku mbili baadaye alirudi nalo mwenyewe, amelichimbua maktaba: chuma chenyewe hurefuka na kurudi, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, mara mia kwa sekunde, kila usumaku unapopanda na kushuka.

"Chuma, fundi! Kinajinyoosha!" Akaenda zake akicheka peke yake.

Balaa la mtu wa namna hii ni mtihani. Mtihani wa vitendo wa mwaka wa tatu una maswali matatu na saa tatu. Mama Koili alizimaliza saa zote kwenye swali la kwanza, kwa sababu mkunjo mmoja wa grafu ulimshangaza. Akapata kumi na tisa kwa mia. Na kanuni haina huruma: ukianguka mara ya pili, unaondolewa chuoni.

"Mama," nilimwambia, "hizo 'kwa nini' zako ziache mlangoni. Pima, andika, songa mbele."

"Hata binti yangu kasema hivyo hivyo. Kaniapisha."

"Ukaapa?"

"Nikaapa, ningefanyaje?"

Kwenye marudio walikuwa kumi na mmoja. Mbao za swali la kwanza nilizitengeneza mimi miaka mingi nyuma: swichi, kontakta ya kuwasha kwa sumaku, taa, na waya zinazopita pamoja ndani ya bomba. Humo ndani nilikata waya mmoja makusudi. Mtahiniwa anapima pointi sita, anakuta ya tano haina umeme, anaandika kwamba waya umekatika, anaendelea na safari yake. Mwaka ule tulikuwa tumeletewa mita za kidijitali, na zile za mshale nikazifungia kabatini.

Dakika ya ishirini nikamwona Mama Koili ameshika tama. Nikapita nyuma yake, mikono mgongoni. Kwenye pointi ya tano mita yake ilionyesha volti themanini na tatu. Si mia mbili na thelathini za waya mzima, wala si sifuri ya waya uliokatika. Nikachungulia meza ya jirani: themanini na moja. Inayofuata: themanini na sita. Mbao nilizikagua zote, bolti hadi bolti, lakini sikuzipima upya kwa mita mpya. Nilizijua mno, nikaona sina cha kupima.

Wale wengine hawakushika tama. Waliandika kwamba kiungio kimelegea na kinapunguza umeme, wakakokotoa ukinzani wake hadi desimali mbili, wakafungua ukurasa wa pili.

Mama Koili akainua mkono. "Fundi, naomba mita ya mshale."

Kanuni zinamruhusu mtahiniwa kubadilisha kifaa anachokitilia shaka. Nikaifuta vumbi kwa shati langu, nikampelekea. Akapima. Sifuri.

Mita mbili, waya mmoja, majibu mawili. Mwenye haraka angechagua moja. Nikatazama saa, nikamtazama yeye, nikasema moyoni, mama, uliapa. Akaziweka mezani akawa anazitazama kwa zamu, kama watoto waliopigana na kila mmoja anamsingizia mwenzake. Kisha akavua miwani, akaipangusa, nami nikajua kiapo kimekwisha.

Akaunganisha rezista, kipande cha kuupa umeme njia ya kupita, sambamba na mita mpya: themanini na tatu ikaporomoka hadi moja. Akaitoa rezista, akazima njia ya taa inayopita bomba lilelile: namba ikashuka nusu. Akawasha, ikapanda. Akazima tena, nadhani kwa raha zake tu. Halafu akaandika kurasa mbili na nusu: waya umekatika, umeme unaoonekana unatoka kwa waya jirani kupitia plastiki zao, bila kugusana, ni dhaifu mno, hauwezi kusukuma chochote, mita mpya inauona kwa sababu inakunywa kidogo sana, ya mshale inaumaliza kabla haijauonyesha. Muda ulipokwisha alikuwa amefika nusu ya swali la pili. La tatu hakuligusa.

Matokeo: Mama Koili hamsini na mbili, amepona kwa mbili tu, maana mstari ni hamsini. Wengine wote chini ya mstari. Mwalimu wa somo, mwanamke mdogo kwetu sote wawili kwa miaka kumi, alimwita ofisini, nami nikiwepo na daftari langu la vifaa.

"Hongera, mama. Wenzako wote kumi wameangukia swali la kwanza."

Hakutabasamu. "Wamekosea nini?"

"Pointi ya tano ni sifuri. Wao wameandika themanini na kitu."

"Mwalimu, hata mimi nilisoma themanini na tatu. Ilikuwepo. Wenzangu wameandika walichokiona."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Unajua unachokisema, mama? Swali lenye kasoro linafutwa kwa wote. Alama zako thelathini na nane zinakwenda nalo."

"Nitabaki na ngapi?"

"Kumi na nne."

Vidole vyake, vyenye makovu ya waya, viliubana mkoba. Kumi na nne ni kufunga virago, na sisi watatu tulilijua hilo. Alijua pia nani aliyetengeneza ule ubao na nani aliyeacha kuupima, maana ningeupima kwa mita mpya ningeziona zile themanini na tatu kabla yao. Hakunitaja. Hakunitupia hata jicho. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya utumishi wangu.

"Kosa ni langu, mwalimu," nikasema. "Mbao sikuzipima kwa mita mpya."

Idara ilikaa siku mbili nzima. Wakanipa barua ya onyo, niliistahili. Mtihani wakaufuta wote, urudiwe baada ya wiki mbili, na huo ndio uwe wa mwisho.

Safari hii nilipima kila ubao kwa kila mita niliyonayo. Mama Koili aliingia, akaketi, na hakushika tama hata mara moja. Alipima, akaandika, akasonga mbele. Alimaliza maswali matatu dakika kumi kabla ya muda. Matokeo yakatoka: sitini na nane! Wenzake walimbeba juujuu kwenye korido, na binti yake, bado na sare ya shule, alilia mbele za watu bila kujali.

Nilikuwa nafunga maabara aliporudi peke yake.

"Nimefaulu, fundi."

"Nimeona. Hongera sana, mama."

"Lile swali la tatu." Akavua miwani. "Nilizima mota, nikakata umeme kabisa, na bado mita ilionyesha volti. Zikafa polepole. Nikaziandika, nikapita. Mota nimezishika maisha yangu yote, na siku ile nikaipita moja kama mtu nisiyemjua." Machozi yalimlengalenga, yeye aliyekuwa amebebwa juujuu saa moja iliyopita. "Umeme umekatwa. Ule ulikuwa unatoka wapi?"

Ningeweza kusema nina kazi.

"Sijui, mama," nikasema. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote neno hilo.

Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikauvuta ubao wa swali la tatu katikati ya meza. Nikamwambia amwite na binti, maana tungehitaji mtu wa kuhesabu sekunde.