Mkaguzi Tuliyemdhania Fundi

Nyinyi mliosoma nami Utange, miaka ile ya soksi zilizolegea, mwamkumbuka mkaguzi? Kila muhula tuliambiwa yuaja. Wiki nzima twapiga deki, twapaka mawe chokaa, twafunzwa kuitikia shikamoo kwa sauti moja. Hafiki. Miaka minane niliyosoma pale nilimwona mara moja tu, na siku hiyo hatukumjua.

Choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumsitiri. Wangu alikuwa Mwanatumu, aliyesimama ametandaza leso huku akinihimiza nifanye haraka. Asipokuja shule, wallahi mimi sinywi maji kutwa. Fundi wa mlango tuliahidiwa tangu darasa la pili.

Basi asubuhi moja, tukiwa darasa la tano, akaingia mwanamume mwembamba kwa miguu, jasho linamtoka, begi kwapani. Mkaguzi tuliambiwa ni mtu wa gari na kitambi. Huyu, nani tena?

"Fundi!" Mwanatumu akapiga ukelele. "Shikamoo baba! Umetuweka mno twakungoja!"

Wasichana kumi tukamzunguka, tukampeleka mpaka chooni. Akatazama pale pasipo mlango.

"Sasa mwajisitiri vipi?"

Mwanatumu akatandaza leso, akasimama wima kama askari. "Hivi. Ila kukiwa na upepo, dua tu."

Yule bwana akavua miwani, akaifuta, akaandika. Mara mwalimu mkuu huyo, mbio, tai begani.

"Bwana mkaguzi! Ofisini ni huku! Mahamri yapoa!"

Tukaganda. Mwanatumu akaninong'oneza, "Leo twafukuzwa, mwenzangu."

Mkaguzi hata hakugeuka. "Mahamri nitakula mlango ukishawekwa, mwalimu."

Ijumaa haikufika, mlango ukawekwa, tena una komeo. Nikaingia, nikajifungia kwa raha zangu, kisha kukawa kimya mno. Nikaita, "Mwanatumu!"

"Abee!" Kumbe bado amesimama nje, leso mkononi.

Siku hizi mpwa wangu aniambia wakaguzi waja na simu zao, wapiga picha, waenda zao, na hakuna mtoto anayebabaika. Vyoo vya shule yao vina milango, mashaallah, na maji ya mfereji. Juzi nikamuuliza, "Na ukienda chooni, nani akungoja nje?"

Akanitazama kama niliyezaliwa zama za Nuhu. "Ningojewe nini, shangazi? Si naenda peke yangu."