Meno ya Uongo ya Rajabu

Nilipokuwa mtoto kule Ludara, meno yalikuwa ya aina mbili: ya kutafuna na ya kuua. Ya kuua tuliyaita meno ya uongo. Yalijificha ndani ya ufizi wa mtoto mchanga, na mtoto akiharisha, kila mtu alijua ni hayo. Dawa yake ilikuwa kuyachokoa kwa spoki ya baiskeli.

Rajabu, mdogo wangu wa kunyonya, alipoanza kuharisha, baba alikuwa mbali, kambini na jeshi. Mwenye neno nyumbani alikuwa habuba, mama yake baba. Akamwita mchokoaji, meno yakatolewa asubuhi. Kufika adhuhuri mtoto hakuweza hata kulia.

"Habuba, macho yake imeingia ndani," mama alisema. "Mimi napeleka yeye hospitali, Koboko."

"Kidonda iko mbichi. Sindano itamaliza yeye," habuba akamjibu. "Ukienda, utarudi mugongo tupu."

Mama alimfunga mgongoni tukaenda, mimi nyuma na birika la maji.

Hospitalini, sista wa wodi alimfungua Rajabu kinywa, akaita wanafunzi wake wa uuguzi. "Kujeni muone kitu mama huyu amefanya." Wakaja na makoti meupe, wakatuzunguka. Mmoja alicheka.

"Wewe ni mama ama muuaji?" sista akauliza. "Kaa hapo. Nikishaweka maji kwa mtoto, naita polisi."

Alikwenda kuleta hayo maji ya mshipani, yaliyokuwa dawa yenyewe. Mama hakungoja. Alimfunga Rajabu, akanishika mkono, tukatoka.

Njiani akahisi pumzi ya mtoto imekatika mgongoni. Akamshusha, akamtazama, akambeba kifuani hadi nyumbani. Mgongo ulikuwa mtupu kama habuba alivyosema. Habuba hakujisifu, alikaa chini akalia. Lakini Ludara nzima ilisadiki onyo lake, na kwa miaka mingi akina mama wa kwetu hawakukanyaga hospitali ile.

Mimi sikusoma darasani. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa karatasi za maboksi ya dawa, na lugha nilizipata sokoni. Siku hizi nawatafsiria akina mama kwenye zahanati, wa kwetu na wale waliotoka Sudan Kusini. Ndiyo sababu huwa naitwa mjini Arua kuongea na wanaosomea uuguzi. Napewa muda mwishoni, watu wakiwa tayari wananusa chakula.

Juzi niliwauliza: mama akija na mtoto aliyechokolewa ufizi, utamwambia nini?

Kijana mmoja akasimama. "Nitamwambia hiyo ni ujinga, mzee."

Darasa likacheka. Kicheko kile nakijua.

"Basi umeshamuua mtoto," nikasema. "Mama anakwenda nyumbani sasa hivi. Maji yako utampa nani?"

Mwalimu wao akanigusa bega. "Mzee, pole pole. Hawa bado watoto."

Sikupoa. Habuba alikosea kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza. Sista alikuwa amefundishwa, tena siku ile alikuwa anafundisha. Watu wakinipa pole, huwa wanalaumu spoki. Mimi nawafikiria wale vijana wa makoti meupe waliomzunguka mama. Somo lile walilishika vizuri. Leo ndio walimu.