Kinyonga Mwenye Mimba

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitanyamaza. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mimi, asubuhi na mapema, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja pombe. Nimeyaficha miaka mingi kwa aibu, wala si kwa hofu.

Miaka ile ya hamsini nilifanya kazi Ilomba, kwa Mzungu mmoja aliyenunua wanyama wadogo: kobe, komba, kalunguyeye, na zaidi ya wote vinyonga wenye pembe tatu wa milima ya Poroto. Aliwatia kwenye masanduku na kuwapeleka Ulaya. Alisema huko watu huwafuga sebuleni. Unaweza kuamini? Kwetu mtu akikutana na kinyonga njiani hugeuza njia.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Ambakisye. Siku moja tulimkuta jike kichakani, tumbo limevimba hadi linaburutika kwenye tawi.

"Huyu muache," Ambakisye aliniambia. "Ana watoto."

Nikamtazama hivi nikacheka. Alipotangulia, nikamchuma yule kinyonga kama mtu achumavyo parachichi, nikamtia kikapuni. Usiku ule akazaa ndani ya sanduku, vitoto vyembamba kama njiti za kiberiti. Kulipokucha vyote vilikuwa vimekufa, na mama yao pia. Nikavimwaga nyuma ya jiko, nikarudi mlimani peke yangu kutafuta wengine.

Ukungu ulikuwa mzito. Nilipofika kwenye kile kichaka, nikamkuta bibi mmoja amesimama, amejitanda kaniki iliyochakaa. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi." Alikuwa ameshika tawi, na vidole vyake vimegawanyika, viwili huku, vitatu kule. Nikasema labda ni ulemavu. Kisha akanigeuzia uso. Jicho lake moja lilinitazama mimi. La pili lilizunguka polepole, peke yake, likaangalia njia niliyotokea.

Niamini, nilirudi nyuma hatua mbili, kikapu mkononi.

"Mwanangu alikuwa hapa," akasema, kwa sauti ya upole kabisa. "Ana mimba. Nani kamchukua?"

"Si mimi, bibi."

"Nani basi?"

Hapo ndipo nilipojiua mwenyewe. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kulia, kuomba msamaha, kupiga magoti. Nikasema, "Ni Ambakisye. Ambakisye anayekaa Ilomba, kwa Mzungu."

Macho yake yote mawili yakaja kwangu kwa pamoja. "Ambakisye," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Akaondoka akiyumba mbele na nyuma kila hatua, mbele na nyuma, mpaka ukungu ukammeza. Nikatupa kikapu nikakimbia.

Jioni ile ile nilimkuta Ambakisye anafikicha jicho. "Limeingiwa na mdudu," akasema. Haikupita wiki, jicho lake moja likawa linakwenda linakotaka. Daktari alimulika, hakuona ugonjwa. Akawa haoni vizuri njia, anajikwaa, baiskeli ikamshinda, na kazi ikaisha. Wazazi wa mchumba wake walipomtazama mara moja tu, wakaja kuvunja uchumba.

Nami nilikuwepo. Nikasema, "Pole sana, ndugu yangu." Hilo tu.

Alihamia Iringa, Kihesa, kwa dada yake. Nilikwenda kumwona mara moja tu. Nilikuwa nimedhamiria kumwambia kila kitu. Maneno niliyapanga njia nzima. Alitoka mlangoni, jicho moja kwangu, jingine barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wengine wote wamenitupa," akasema. "Wewe peke yako umekuja."

Ungesema, wewe? Mimi sikusema. Nilikula wali wao, dada yake akanifungia mahindi ya kuchoma ya kula njiani, nikaondoka. Aliaga dunia bila kujua.

Viumbe wa porini waache porini, hilo wazee walishatuonya. Langu mimi ni jingine: ukiulizwa nani kafanya, na ni wewe, jitaje. Hata kama anayekuuliza si binadamu. Mimi macho yangu ni mazima hadi leo, lakini sijaweza tena kumtazama mtu usoni.