Ua wa Kaktasi Kati Yangu na Shemeji

Nilipostaafu ualimu na kurudi shambani karibu na Kabianga, ng'ombe wa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, walianza kula sukumawiki zangu. Kati ya shamba lake na langu palikuwa na ua wa misipresi iliyozeeka, wenye mapengo ambayo ng'ombe alipita bila kuinamisha pembe. Nilimwambia. Akanijibu, "Shemeji, ng'ombe hajui mpaka." Kesho yake wakarudi. Tukaacha kusalimiana.

Kule Chepseon nilikuwa nimeona ua wa kaktasi, zile ndefu zinazosimama kama nguzo, zimebanana hata kuku hapenyi. Mwenye boma alikuwa mama aliyetoka upande wa ziwa, mumewe akifanya kazi katika kiwanda cha chai. Nikaenda kumwomba mbegu. Akacheka.

"Mwalimu, hii si ya mbegu. Ni kukata tu."

Akanikatia matawi kwa panga, kila kipande urefu wa mkono, akayatia kwenye gunia. Nilirudi na haraka ya mtu aliyeudhika, nikayapanda jioni hiyohiyo.

Mvua ya huku haimwonei mtu haya. Ilinyesha karibu kila alasiri, na baada ya wiki chache niligusa kipande kimoja kikaanguka. Chini kilikuwa kimegeuka uji mweusi unaonuka. Vingine vyote vilikuwa vivyo hivyo. Nikamrudia yule mama.

"Uliziacha zikauke?" akaniuliza.

"Hapana. Nilizipanda siku ileile."

"Ukiikata inabaki na kidonda. Ngoja kidonda kifunge, ndiyo uweke kwa udongo."

Safari hii nilisubiri kiangazi. Nikavilaza vipande kwenye mbao chini ya paa la zizi, penye upepo na kivuli. Kila asubuhi nilipokwenda kukamua niligusa zile sehemu zilizokatwa, mpaka zikawa kavu na ngumu kama kisigino. Wakati huo nilikuwa nikiinua tuta mpakani na kulichanganya na mchanga na changarawe, maji yasituame. Kungoja kule kulinituliza kuliko nilivyotaka. Siku ya kupanda nilijikuta namtazama shemeji akilisha ng'ombe wake, nikaona amekonda, nikajiuliza nani anampikia yeye na mama yake mzee siku hizi, mkewe akiwa Bomet na biashara yake.

Sikumwagilia. Siku moja nilivuta kipande taratibu, nacho kikakataa kuja. Kilikuwa na mizizi. Nilicheka peke yangu pale shambani.

Mwaka wa pili ua ulifika kifuani, na ng'ombe wakajifunza mpaka. Ndipo nilipomwona mama mkwe wangu. Alikuwa akiishi kwa shemeji, na kwa miaka mingi alizoea kukatiza mpakani kuja kwangu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mkaa. Tangu ua ukue alikuwa akizunguka kwa barabara, nami nilidhani haji mara kwa mara kwa sababu ya uzee. Asubuhi hiyo alisimama upande wa pili, fimbo mkononi, akiitazama ile miiba.

"Mwanangu," akasema, "mimi umeniwekea njia wapi?"

Shemeji alikuwa nyuma yake na ndoo ya maziwa. Akaitua chini, akaenda nyumbani, akarudi na jembe na gunia kuukuu la kushikia miiba. Akaanza kuchimba mashina yaliyokuwa mbele ya mama. Nikashika upande wangu. Tulifanya kazi mpaka shina la kwanza likatoka, na mizizi imeenea pande zote.

"Kumbe zimeshika hivi," akasema.

"Zimeshika. Usizitupe, shemeji. Zikate, uziache zikauke."

"Siku ngapi?"

"Mpaka kidonda kifunge."

Alizipanda nyuma ya zizi lake, na zimemea. Kwenye pengo lile la mpakani tuliweka miti miwili ya kulala, ya kuvuta pembeni mtu akipita, ili kuwazuia ng'ombe. Mama alipita hapo mpaka miguu ilipomkatalia. Sasa ni mimi ninayepita asubuhi kumpelekea uji, na mara nyingi namkuta shemeji ameketi karibu naye, chai ameshaipika, vikombe viko vitatu.