Kikengele cha Paka na Fundo la Mwani

Paka wangu alikula vifaranga watatu wa jirani yangu, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, hapa kijijini Miburani. Alinijia mlangoni asubuhi, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Akirudi kwangu, namtia sumu."

Sikumlaumu. Nikaona dawa ni kumvika paka kikengele, vifaranga wasikie wakimbie. Mbuzi wetu twawafunga kamba, mbwa wa hotelini wana mikanda ya ngozi yenye bizimu ya kufungia. Mkanda wa paka sikuwahi kuuona. Sikujua kuwa ipo mikanda ya paka yenye kifungo kinachoachia chenyewe kikivutwa. Mwenye duka wa mjini Kilindoni aliniagizia mmoja baadaye, maji yakiwa yameshamwagika.

Mimi nalima mwani, kamba ninazo tele. Nikachukua moja nyembamba, nikatunga kikengele, nikamfunga paka shingoni kwa fundo letu la shambani, lile ambalo likilowa ndipo linapokaza. Mikono ilifunga kwa mazoea. Akili nilikuwa nimeiacha wapi, sijui.

Kesho yake ikanyesha mvua ya kutwa, na paka hakurudi. Nilijua nani kamuua. Jioni nilikutana na yule mama kisimani, nikampita bila salamu, mimi niliyelelewa vizuri.

Asubuhi iliyofuata nikasikia ananiita kwa ukelele. Nilimkuta kwenye banda lake la kuni. Kamba yangu ilikuwa imenasa kwenye ufito, paka kaning'inia, miguu ya nyuma tu ndiyo inagusa gogo, ulimi nje. Nikamwinua kwa mkono mmoja, nikahangaika na fundo kwa mwingine. Wapi! Lilikuwa gumu kama kokwa. Mama akakimbilia jikoni, akaja na kisu, akakipenyeza taratibu kati ya kamba na manyoya, akakata.

Paka akakohoa, akapumua, akanikwaruza, akatoka mbio. Alhamdulillahi! Nilikaa chini kwenye matope nikalia na kucheka pamoja.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nilidhani umemuua."

Hakunitazama. Alikuwa akikifuta kisu kwa pindo la kanga, ingawa hakikuwa na kitu.

"Nilipomkuta sikukuita hapo hapo, mwanangu. Nilisimama kwanza, nikamtazama. Nashukuru nimekuita."

Nikamshika mkono. Nikampa ile shikamoo niliyomnyima kisimani.