Siku Mishale Ilipogeuka Vidoti

Nilikuwa nimeshasema, na mimi nikishasema sirudi nyuma. Nilimwambia mama wa bibi harusi, mbele ya kamati nzima, kwamba Alhamisi baada ya Alasiri aje kwangu, anitajie idadi yoyote ya wageni anayotaka, na kompyuta ya nyumbani kwangu itamjibu palepale: mchele kiasi gani, nyama kiasi gani, vitunguu, nazi, mpaka pilipili manga.

Nilisema hivyo kwa sababu walitaka kuninyang'anya shughuli. Mtaa huu nimeupikia tangu mama wa bibi harusi mwenyewe hajavunja ungo. Harusi yake yeye nilipika mimi, na watu walikomba masinia. Sasa binti yake anaolewa, na kamati imejaa vijana wa maofisini. Mmoja akasema ukumbini wapo wapishi wao, ukibadilisha idadi ya wageni dakika hiyohiyo wanakutumia hesabu mpya kwenye simu. "Bibi yeye mpaka akae chini afikirie," akasema. Alisema kwa heshima, lakini maneno ni yaleyale.

Na kweli idadi yao ilikuwa haitulii. Asubuhi mia tatu, mchana mia nne, jioni shangazi mmoja kaongeza basi zima la watu wa Tandika. Watu mia tatu nawapikia nimefumba macho. Hizo za kupanda na kushuka ndizo zilizokuwa zinanitoa jasho. Nilijua nikikosa harusi hii, inayofuata hawatanipigia hata hodi.

Kompyuta yenyewe ni ya wajukuu zangu wawili, wote wanasomea mambo hayo chuoni. Wa kike naishi naye hapa, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Huyo namwita mke mwenzangu, maana babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa mume wetu sote wawili. Wa kiume ni mtoto wa mwanangu mwingine, anakaa na wazazi wake Upanga. Huyo ni mume wangu, na ananijua, akija mikono mitupu simpi chai.

Wao ndio walionitia hamu. Walinisimamisha jikoni na mzani. "Bibi, tia bizari kama unavyotia siku zote." Natia kwenye kiganja, wanaimwaga kwenye mzani, wanaandika. "Tena bibi." Natia tena. Mke mwenzangu akapiga kelele: "Huyu bibi ni mashine! Mara zote imekuja sawasawa!" Nikamwambia asinifananishe na vyuma, lakini moyoni nilifurahi mno.

Wakagawana kazi. Mke mwenzangu akaandika mambo ya mchele, nyama na masufuria. Mume wangu, huko kwao Upanga, akaandika viungo, vitunguu na nazi. Alhamisi mchana akaja na kompyuta yake begani, wakaunganisha vipande viwili viwe kitu kimoja. Mimi nimeshafagia uwani, nimeshatandika mkeka, nimevaa kanga mpya. Nikakaa nyuma yao kusubiri.

Mashine ikagoma.

Ikatoa maandishi mekundu, ikataja mstari mmoja, ikanyamaza. Wakaubadilisha mstari huo, ikataja mwingine. Nikauliza, inataka nini? Mke mwenzangu akanieleza, na yeye ana ufundi wa kueleza. Lugha wanayoandikia ina adabu yake. Mstari unaoanza pembeni kabisa unajitegemea. Mstari uliosogezwa ndani kidogo uko chini ya amri ya ule wa juu yake. Wameandika, kwa mfano: mchele ukizidi kilo ishirini na tano. Halafu chini yake, kwa kusogea ndani: ongeza sufuria nyingine, tia chumvi ya sufuria hiyo. Ile nafasi ya mwanzo wa mstari ndiyo inayoiambia mashine lipi ni la nani. Sasa mashine inasema nafasi hizo hazieleweki.

Nikavaa miwani nikasogea. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri tu! Hakuna uliotangulia, hakuna uliochelewa.

"Mbona imelingana?" nikauliza.

"Ndiyo hapo sasa, bibi," mume wangu akasema. "Kwangu kipande changu kilikuwa kinafanya kazi freshi."

"Hata changu kilikuwa kinafanya kazi," mke mwenzangu akasema.

"Basi kompyuta yako ina shida."

"Kompyuta yangu? Wewe ndiye umetuletea mauzauza yako ya Upanga!"

"Usinizingue, dada. Nimekesha na kitunguu chako hicho."

"Kitunguu changu? Si ulisema mwenyewe viungo ni vyepesi?"

"Hapa hakuna wa kumzingua mwenzake," nikasema. "Nyamazeni wote. Mgeni anakuja, mnanivunjia nyumba."

Kila mmoja akageukia ukuta wake. Nje msikitini wakaanza kuadhini Alasiri. Nikaenda kutawadha, nikaswali, na sitadanganya, nusu ya sala akili ilikuwa kwenye yale maandishi mekundu. Namwona mama wa bibi harusi anacheka. Nawaona wapishi wa ukumbini wanachota wali wao mkavu, watu wangu wa mtaani wamepanga foleni na sahani kama wagonjwa.

Niliporudi nikawauliza kama ninavyouliza jikoni. Kwenye upishi wa shughuli mimi nina sheria moja sibishani na mtu: chumvi ina mkono mmoja. Nikishamchagua wa chumvi, hata mimi mpishi mkuu siigusi. Mawifi zangu nimewahi kuwatoa jikoni kwa hilo. Wawili wakitia chumvi kwenye sufuria moja, kila mmoja kwa kipimo chake kizuri, pilau imekwisha, na kwa macho huoni kitu.

"Sufuria hii," nikasema, "imetiwa na mikono miwili. Nataka kujua nani kasogeza kwa kitu gani. Wewe, mume wangu, mstari unausogezaje?"

"Nabonyeza Tab, bibi." Akanionyesha kitufe pembeni kushoto.

"Na wewe?"

"Hichohicho," mke mwenzangu akasema. Halafu akasita, akashika mdomo. "Ngoja. Mimi changu nilishakipanga zamani. Nikibonyeza kinaandika nafasi nne za kawaida, kama nimegonga kile kirefu cha chini mara nne. Wewe cha kwako umekipanga?"

"Nikipange cha nini? Tab ni Tab."

"We! Bibi, ngoja uone!"

Akafungua mahali fulani kwenye ile programu ya kuandikia, akachagua ionyeshe visivyoonekana. Weee! Pale mwanzo wa mistari, palipokuwa patupu, pakatokea vitu. Kwenye mistari ya mke mwenzangu vikatokea vidoti, vinne vinne, vimekaa kimya kimya. Kwenye mistari ya mume wangu ikatokea mishale, mmoja mrefu, unaelekea ndani. Vidoti, vidoti, mshale, mshale, kidoti! Tena mahali pengine chini ya amri moja kulikuwa na vidoti juu na mshale chini, mwanya uleule kwa macho, lakini kwa mashine ni watu wawili wanaosema lugha mbalimbali.

Nilipiga paja kwa kiganja mpaka likawasha. "Nimewakamata!" nikasema. "Haki ya Mungu nimewakamata!"

Mngedhani wamemaliza. Hapo ndipo walipoanza. Mume wangu anasema yote iwe mishale, maana ni kubonyeza mara moja tu, na kila mtu kwenye kompyuta yake anaweza kuuona mwanya mpana au mwembamba atakavyo. Mke mwenzangu anasema iwe vidoti, maana vidoti ni vilevile kila unapovifungua, haviongezeki wala havipungui. Mmoja anasema mwenzake ana kichwa kigumu, mwingine anasema afadhali kigumu kuliko kitupu.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama wa bibi harusi. Alasiri ndiyo kwanza imeswaliwa, keshafika, kama kawaida ya mtu anayekuja kukukagua.

"Karibu, mwanangu! Kaa hapo barazani upate upepo, tunamalizia kitu," nikajibu kwa sauti ya furaha, na mkono mmoja nimemshika sikio mume wangu.

Nikashusha sauti. "Watu wengi wanaoandika lugha hii huandika kipi? Msiniambie mnachopenda. Niambieni ilivyo."

Mume wangu akaangalia chini. "Kwa lugha hii, bibi, wengi huandika nafasi. Hata mwalimu alisema."

"Basi shauri limekwisha. Ukiingia msikitini ukakuta safu, unaingia kwenye safu. Huanzishi yako karibu na mlango ukasema kwako Upanga ndivyo mnavyosimama."

"Lakini bibi, nigonge mara nne kila mstari? Vidole vitaisha!"

Hapo mke mwenzangu akacheka, mara ya kwanza tangu mchana. "Hugongi mara nne, mjinga wewe! Unabonyeza Tab yako hiyohiyo. Programu ndiyo inayoandika nafasi badala yako. Kinachobadilika ni kinachotoka, siyo kidole chako."

"Kweli?"

"Si ndivyo ninavyofanya mwaka mzima!"

Akakunjua uso, nikaona ni mtoto tena. Kumbe alikuwa anapigania kitufe ambacho hakuna aliyetaka kumnyang'anya.

"Nionyesheni," nikasema, "nabonyeza mwenyewe."

Pale chini ya dirisha la kuandikia, pembeni, palikuwa na maneno madogo ya Kizungu. Mke mwenzangu akayagusa, ikashuka orodha. Akanisomea na kunifasiria. La kwanza: kitufe cha Tab kiandike nafasi. Nikabonyeza. Ngapi? Nne. Nikabonyeza nne. La mwisho: yote yaliyokwisha kuandikwa yageuzwe kuwa nafasi. Kidole changu hiki, chenye kovu la sufuria, nikakiweka juu ya kipanya cha kompyuta, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Mishale ikatoweka! Yote, kwa mpigo, juu mpaka chini! Pale palipokuwa na mishale pakajaa vidoti, vinne vinne, safu moja, nikashuka na macho mpaka mwisho wa ukurasa sikuona hata mshale mmoja uliojificha. Mwili ulinisisimka kama nimesikia ngoma. Nikasahau mgeni, nikasahau umri wangu, nikapiga kigelegele, nacho kikatoka kirefu!

"Kigelegele cha nani huko?" mama wa bibi harusi akaita kutoka barazani. "Bibi harusi si yuko kwangu?"

"Cha kwako! Subiri!"

Sikumwacha mume wangu hivihivi. Nikamwambia afungue na ile ya kwake, palepale mbele yangu, aipange vilevile. Akaipanga. Akabonyeza Tab yake, vikatoka vidoti vinne. Akabonyeza tena na tena, anacheka peke yake kama mtu aliyepata filimbi. Mke mwenzangu akaweka na kijifaili kidogo ndani ya kazi yao, kisemacho hapa ni nafasi nne, ili yeyote atakayeifungua, kompyuta yake ifuate sheria ya nyumba hii bila kuulizwa. Hilo nililipenda kuliko yote. Laiti ningekuwa na kitu kama hicho cha kubandika kwenye mlango wa jikoni.

Kisha wakaiendesha. Maandishi mekundu hayakuja. Likaja swali moja tu, kwa Kiswahili kizuri: Wageni wangapi?

Nikamwita. Akaingia, akabaki amesimama, mkoba kwapani, viatu miguuni, simu mkononi, kama mtu anayepita tu.

"Haya, taja," nikasema.

"Mia nne."

Mke mwenzangu akaandika. Mchele kilo hamsini, masufuria mawili, nyama, vitunguu, nazi, chumvi ya kila sufuria peke yake. Nikavisoma moyoni kimoja kimoja. Ndivyo ambavyo ningetia mimi.

Akatazama, akanitazama. Wajanja wa mjini hawakubali mara moja. "Na shangazi akiongeza watu wake? Mia nne na themanini."

Sikumwachia mke mwenzangu. Niliandika mwenyewe, nne, nane, sifuri, nikabonyeza. Kabla hajakohoa: kilo sitini, masufuria matatu, na ile ya tatu ndogo ina viungo vyake vidogo.

"Mama yangu," akasema polepole. "Na mia mbili na hamsini, mvua ikinyesha wasije?"

"Mvua inyeshe kwa adui yako. Haya, hiyo hapo."

Akasoma. Mume wangu nyuma yake anaruka ruka bila sauti, nikamkazia jicho akatulia. Mama wa bibi harusi akapiga simu hapohapo, akaongea na yule kijana wa kamati. "Waambie watu wa ukumbini watupe viti na meza tu," akasema. "Chakula kina mwenyewe." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, bibi mwenyewe. Ndiyo, kwa kompyuta. Wewe unaongea tu, mimi nimeona kwa macho yangu."

Akakata simu. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia, biashara bado.

"Ila bibi," akasema, anavua viatu na kujisogeza kwenye mkeka, "nazi utakuna, au utatutilia hizi za makopo?"

"Za makopo? Kwenye sufuria yangu?" nikasema. Nikamwagiza mke mwenzangu alete chai, na mume wangu naye apewe, hata kama kaja mikono mitupu. Tukaanza kubishania nazi mpaka Magharibi ikatukuta.